Mkono Uliovunjika wa Mukuna

Jembe la Mwadi ndilo lililogonga kichwa cha mtu.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya salongo, siku ambayo raia wote wa Kasuku, mtaa wa mji wa Kindu, walitoka na majembe kufanya kazi ya taifa bila malipo, tena wakiimba kwamba wamefurahi. Kazi yenyewe Jumamosi hiyo ilikuwa kuchimba msingi wa Nyumba ya Chama, pale karibu na mto ambapo maghala ya zamani ya Wabelgiji yalikuwa yamebomolewa. Komisera wa Mkoa alitazamiwa kuja kutoka Bukavu kuweka jiwe la kwanza, na wakubwa wa Kindu hawakutaka akute majani na panya.

Mwadi alidhani amegonga chungu. Akainama, akapangusa udongo kwa kiganja, na kile chungu kikamtazama kwa matundu mawili. Yeye hakupiga kelele. Waliopiga kelele ni wanawake wa pembeni, na kelele zao zilitosha kwa wote. Nyimbo zikakatika. Watu wakatupa majembe, wengine wakakimbia kwenda mbali, wengine wakakimbia kuja karibu, wakagongana katikati.

Kitete, mwenyekiti wa Chama mtaani, alifika akitweta ndani ya abakosti, lile koti la Chama lisilo na tai, iliyombana tumbo. Alitazama kidogo, akajinyoosha.

"Ile njo mufupa ya mbuzi," akasema. "Endeleeni na kazi."

"Mbuzi gani iko na meno kama ya kwako, mwenyekiti?" mtu akauliza kutoka nyuma, na watu wakacheka kicheko kile cha woga.

Wakachimba kidogo tena, ukatokea mguu, kisha kichwa kingine, kisha mbavu. Kitete akaamuru kila mtu aende nyumbani na afunge mdomo. Kwenda nyumbani walikwenda. Ila kufunga mdomo, nani alishafunga mdomo Kindu? Kabla jua halijazama habari ilikuwa imevuka mto hadi Alunguli, imeongezwa chumvi, na mifupa imekuwa mia mbili, mmoja wao umevaa taji.

Wazee wa Kiislamu walisema wale ni watu wao, wa zamani za Waarabu, mahali pale palikuwa makaburi kabla Mbelgiji hajajenga maghala. Wafanyakazi wa reli walisema hapana, ni wale waliokufa wakilaza reli enzi za babu zao. Na Wakasai, watu wa kwao Mwadi, walisema neno lao ndani ya nyumba, milango imefungwa: ni watu wa mwaka wa sitini na nne. Mwaka ule wa uasi hakuna aliyeutaja barabarani. Ulikuwa umekwisha, Chama kilisema umekwisha, na aliyeutaja alionekana kama anauita urudi.

Mwadi hakulala vizuri. Sababu ilijulikana na mtaa mzima: hakuna aliyejua kama mwanamke huyu ni mke wa mtu au ni mjane, na aliyejua kidogo kuliko wote ni yeye mwenyewe.

Mume wake, Mukuna, alikuwa mpiga simu wa reli, Mkasai kama yeye, mwimbaji wa kanisani, jina lake la ubatizo Rigobert, siku zile kabla Chama hakijapiga marufuku majina ya ubatizo. Mwaka huo wa sitini na nne alitoka kutafuta chumvi, hakurudi. Mmoja alisema alimwona akipandishwa kwenye lori. Mwingine alisema alivuka kwa mtumbwi kwenda Alunguli. Wa tatu alikula kiapo kwamba alimwona miaka miwili baadaye kwenye stesheni ya Kabalo, amevaa kofia isiyo yake, naye alipomwita hakugeuka. Mwadi alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Sasa alikuwa amepita thelathini, hana mtoto, na maneno hayo matatu yalikuwa bado yanazunguka kichwani mwake, kila moja likiyafukuza mengine.

Ukoo wa Mukuna kule Mwene-Ditu ulikuwa na jibu moja tu. Tuonyeshe kaburi. Kwao mjane hawi mjane mpaka aketi mkekani, wanawake wa ukoo wamnyoe nywele, na ndugu wa marehemu akubali mbele ya watu kwamba maiti ni wa ukoo wao. Bila hayo ni mke wa mtu, na mwanamume atakayemchukua ni mwizi, hata watoto atakaozaa naye watahesabiwa kuwa wa yule aliyepotea. Na mwanamume wa kumchukua alikuwepo: Florentin, fundi wa mashine za boti, ambaye kwenye karatasi za Chama aliitwa Lukusa lakini hakuna aliyemwita hivyo ila Kitete. Alikuwa mtu mpole, amesubiri sana, na siku hizi upole wake ulikuwa umeanza kuchoka.

Wiki iliyofuata alishuka kwenye treni kijana mwembamba mwenye miwani, Kanku, kutoka chuo kikuu cha Lubumbashi. Wakubwa walikuwa wameambiana kwamba siku hizi za kurudi kwenye asili ya mababu si vizuri kumwaga saruji juu ya mababu wenyewe, basi wakaita mtu wa kuwasoma. Watu walimwita Profesa, yeye akakataa mara mbili, ya tatu akanyamaza. Alizungushia kamba mahali pale, akapiga magoti, akaanza kupangusa mifupa kwa brashi ya kupaka rangi, taratibu, kama mama anayemwosha mtoto mwenye vidonda. Kitete naye aligeuka. Yule mbuzi wake wa Jumamosi sasa alikuwa "wazee wetu wa asili", akasimama kando ya kamba kila siku akiwaeleza wapita njia.

Mwadi alikuwa akipika pale jirani, sombe ya majani ya muhogo, na samaki, na lituma ya ndizi za kupondwa, akiwauzia vibarua. Siku ya tatu alipiga moyo konde, akaweka mwiko, akasogea kwenye kamba.

"Profesa, samahani. Hawa watu njo wa wakati gani?"

"Wa zamani sana, mama. Zamani za Waarabu. Ona, wote wamelala ubavu wa kuume, uso upande ule wanaoswalia Waislamu wa hapa. Hakuna sanduku, hakuna msalaba. Ni makaburi ya Kiislamu, bila wasiwasi."

Mwadi alishukuru, akarudi kwenye sufuria zake. Alikuwa amefarijika, na papo hapo alikuwa na hasira, hakujua hasira ya nini. Wakasai wote waliposikia habari ya ubavu wa kuume walishusha pumzi na kujiondoa. Si wetu. Mtu aliyeimba misa ya Kilatini kwa sauti ya tatu hawezi kulala akielekea Maka. Jambo limekwisha.

Lingekwisha kweli kama Profesa asingekuwa mtu wa kuongea peke yake. Alasiri ile ile, vibarua wakiwa wanakula, Mwadi alimsikia akinung'unika pembeni kabisa mwa kamba.

"Huyu ananitatiza. Amelala kama wenzake, lakini yuko juu mno, si chini kama wao. Na hivi ni vifungo vya shati. Shati la dukani! Na mkono huu ulivunjika akiwa hai, ukaunga vibaya, umepinda."

Sahani ilimponyoka Mwadi. Sombe ikamwagikia miguuni mwake, naye hakuinama kuipangusa.

Mukuna alikuwa na mkono uliopinda. Alianguka kutoka kwenye behewa mwaka waliooana, mkono ukaunga vibaya, na yeye akaufanyia mzaha tangu siku hiyo, akisema mkono wake umejifunza kona za reli.

"Mkono gani?" akauliza.

"Wa kushoto."

"Basi njo yeye," Mwadi akasema. "Njo bwana yangu."

Profesa alivua miwani akaipangusa. Alikuwa kijana mwenye huruma, na huruma ilimchanganya zaidi. "Mama, bwana yako alikuwa Mwislamu?"

"Hapana. Alikuwa mutu wa misa."

"Sasa ni nani alimzika hivi?"

Mwadi alivitazama vile vifungo. Profesa naye alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akakiri kwamba mifupa hii si ya historia kwa kuwa ni ya juzi, si ya polisi kwa kuwa polisi hawataki kuisikia, na yeye hajui aiandike kuwa ya nani.

Jibu, au kitu kinachofanana na jibu, lilitoka kwa Mzee Asumani. Huyu alikuwa mwosha maiti wa Waislamu wa Kasuku tangu ujana wake, sasa macho yamemfifia, na kumbukumbu zake zilikuwa zimejaa lakini hazikukaa mahali pake. Mwadi alimkuta barazani anamenya karanga.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Wewe njo nani?"

Mwadi akajieleza. Mzee alimenya karanga kadhaa, akapuliza maganda.

"Mwaka ule," akasema, "bunduki ziliponyamaza, watu walikuwa wamelala kule nyuma ya maghala. Mbwa walianza kuja. Mimi na marehemu ndugu yangu tukawachukua. Tulijua pale njo makaburi ya wazee wetu, tukawatia pale pale, kwa wazee. Sanda haikukuwa. Tuliwazika na nguo zao."

"Wote walikuwa Waislamu?"

"Ningemuuliza nani? Mimi najua namna moja tu ya kulaza mutu. Nikamulaza namna ile."

"Na mmoja alikuwa na mukono iliyopinda?"

"Ndiyo," mzee akasema upesi.

Mwadi akasogea karibu.

"Alikuwa mwembamba? Murefu?"

"Ndiyo, murefu."

"Ama alikuwa mufupi, Mzee?"

"Ndiyo, mufupi vilevile," Mzee Asumani akasema kwa upole. "Walikuwa wengi, binti yangu. Nilikuwa naosha mikono yangu mimi tu, maji haikutosha kuosha wao. Sikuwaangalia sura. Ningewaangalia, ningeendelea kuishi hapa namna gani?"

Mwadi aliondoka akiwa na uhakika zaidi ya alivyokuja na uhakika kidogo kuliko alivyokuja. Mkristo angeweza kulala pale, hilo limewezekana. Ila sasa yeyote angeweza kulala pale.

Rafiki wa zamani wa Mukuna alipeleka habari Mwene-Ditu kwa simu ya reli, na baada ya majuma mawili Kazadi alishuka kwenye treni. Kazadi ni kaka mkubwa wa Mukuna, mtu wa maneno machache, mwenye mvi, amevaa shati jeupe lililokunjamana kwa safari. Alikuja na shangazi yao mzee, Ngalula, ambaye kila mtu alimwita Kaku, yaani bibi. Katika kitambaa cha Kaku kulikuwa na wembe.

Kazadi alikunywa maji, akauliza habari za nyumbani, akajibu za kwao. Ndipo akasema, "Mama yetu anakufa, Mwadi. Anakataa kufa kabla ya kusikia mutoto wake iko wapi. Nimekuja kuchukua neno moja tu, nimupelekee."

"Neno iko, shemeji. Kesho utaona mwenyewe. Mukono wa kushoto, umepinda vilevile."

Kazadi aliinua uso. "Wa kushoto?"

"Wa kushoto."

"Mwadi, mukono ya Mukuna ilivunjika ilikuwa ya kuume."

Jikoni moto ulikuwa unalia. Mwadi alisikia kila kuni.

"Hapana, shemeji."

"Alikuja kwetu na bandeji yake. Nilimuona akisalimia watu na kushoto, mama akamugombeza, anasema unatusalimia kama mutu asiye na adabu."

Mwadi aliinua mikono yake mwenyewe, akaitazama. Alikuwa na hakika! Wiki mbili nzima alikuwa na hakika. Sasa aliutafuta mkono ule kichwani, akauona wazi, umepinda, una kovu, una vinyweleo vichache, lakini hauna upande. Alimwona Mukuna amesimama mbele yake mlangoni, mkono uko huku, upande wa kuume wa Mwadi mwenyewe. Basi kwa Mukuna ni kushoto. Lakini je, alikuwa amesimama mbele yake, au alikuwa mbele ya kioo ananyoa ndevu, naye Mwadi anamtazama kwa nyuma?

Akajaribu kitanda. Kitanda hakisahauliki. Alikuwa akilala upande wa ukuta, kichwa chake kwenye ule mkono, kwa sababu pale ulipopinda palikaa shingo yake sawasawa. Mukuna alilala chali. Ukuta ulikuwa kushoto kwa anayeingia. Akatembea mpaka kambi ya reli aione ile nyumba, na alipofika akasimama katikati ya njia, akataka kulia. Nyumba za kambi zimejengwa safu mbili zinazotazamana, za safu hii zimegeuzwa kinyume cha za safu ile, chumba cha huku ni cha kule. Na wao, katika ndoa yao fupi, walikaa kwanza safu ya huku, kisha wakahamishiwa ya kule. Alikuwa akilala ukutani katika nyumba zote mbili. Basi alilalia mkono upi? Je, mwaka mmoja alilalia ule mzima, asijue tofauti?

Aliona aibu kuliko aibu ya aina yoyote aliyowahi kuiona. Mtu umlilie miaka yote ile, halafu usijue mkono wake!

Florentin alimkuta amekaa kwenye ngazi za nyumba ya watu.

"Sema njo yeye, basi iishe," akamwambia. "Wote wanataka. Kazadi anataka, Kitete anataka pale pawe wazi, mimi nataka. Huyu mufu hata yeye anataka kulala."

"Unataka nizike bwana wa mutu mwingine ili tupate kitanda?"

"Nataka nikufe nikiwa na mutoto, Mwadi," Florentin akasema, na sauti yake ikapasuka. Hakuwa amewahi kusema naye hivyo. Mwadi alimpenda kuliko siku zote, na alitamani aondoke.

Kesho yake walisimama kwenye kamba: Kazadi, Kaku Ngalula, Profesa, Mzee Asumani aliyeshikwa mkono, na Kitete aliyekuwa akitazama saa. Wale wa zamani walikuwa wameshahamishwa na Waislamu kwenda makaburini kwao, kwa dua, na shimo lilikuwa tupu isipokuwa pembe ile moja; wenzake wa mwaka ule, kama wapo, walikuwa bado chini ya ardhi nje ya kamba. Profesa aliweka mifupa ya mkono juu ya turubai. Ilikuwa imepinda kwelikweli. Mwadi aliisogelea, akanyoosha kidole akaigusa pale ilipoungia, na ngozi yake haikumwambia kitu.

"Mimi nilisema kuume," Kazadi akasema. "Lakini mimi nilimuona siku kidogo tu, na miaka imepita. Pengine alisalimia na kushoto kwa utundu, alikuwa mutundu. Wewe njo ulilala naye. Sema wewe, na mimi nitachukua neno yako."

Wote wakamtazama. Mwadi alimtafuta Mukuna mara ya mwisho, akamkuta ana mikono miwili iliyopinda.

"Njo yeye," mdomo wake ukasema.

"Una hakika, mama?" Profesa akauliza.

"Usiniulize mara mbili."

Wakamzika siku hiyo hiyo. Katekista alisoma sala ya Kikatoliki, na Mzee Asumani alisimama kando, viganja wazi, akinong'ona za kwake. Alipomaliza alimwambia Mwadi kwamba hakuna ubaya, sala haipotei njia. Kitete alitoa hotuba fupi juu ya mababu, ingawa mfu alikuwa amevaa shati la dukani.

Mkeka ukatandikwa uani kwa Mwadi. Watu wakaja, Wakasai wa kambi, wanawake wa soko, hata vibarua waliokula sombe yake. Mwadi aliketi miguu imenyooshwa, kanga kichwani. Machozi hayakuja. Alilia kwa sauti kama inavyotakiwa, na sauti ilikuwa nzuri, watu waliisifu, lakini macho yalikuwa makavu na ndani alikuwa akihesabu vidole: huku kuume, huku kushoto. Siku ya tatu ilikuwa ya kunyolewa. Baada ya wembe, Kazadi angetangaza kwamba maiti ni wa kwao, na Mwadi angekuwa huru.

Kaku Ngalula alikuwa ameloweka wembe kwenye bakuli pale mwanamke asiyejulikana aliposimama langoni. Miguu yake ilikuwa myekundu kwa vumbi mpaka magotini. Alikuwa wa rika la Mwadi, pengine mkubwa kidogo, na alikuwa na mkungu wa ndizi kichwani.

"Hodi kwenye kilio," akasema. "Naitwa Emerance. Natoka Kailo."

Wakampokea ndizi. Alibaki amesimama.

"Tulisikia kwamba mumezika mutu mwenye mukono ya kushoto iliyovunjika. Ndugu yangu, Lukali, alikuwa mukata-ngazi, anapanda michikichi kukata ngazi ya mawese. Alianguka toka juu ya mungazi, akavunjika hapa." Akajigusa mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. "Mimi njo nilimufunga vijiti na kamba, na sikujua kufunga vizuri, ukapinda. Mwaka ya vita alileta mawese kuuza Kindu. Tunamungojea."

Mwanamke huyu hakuwa na shaka hata chembe. Hakutafuta upande, hakusimama mbele ya nyumba za watu kupima kuta. Mkono wake ulikuwa umekwenda wenyewe mahali pake.

Kitete, aliyekuwa amekaa karibu na pombe, akanyanyuka. "Wewe mama, kwenda! Mambo imekwisha kuandikwa. Huyu mufu iko na wenyewe."

Mwadi alimtazama Florentin kule kwenye uzio. Florentin alikuwa ameshika mti wa uzio kwa mikono yote miwili, na uso wake ulikuwa unamwomba. Akamtazama Kazadi. Kazadi alikuwa akiutazama wembe ndani ya bakuli. Kila mtu pale alijua hesabu yake: akiwa Lukali, basi si Mukuna, asipokuwa Mukuna, wembe unarudi kwenye kitambaa, Kaku anarudi kwenye treni, mama mzee kule Mwene-Ditu anaendelea kukataa kufa, na Mwadi anabaki alivyokuwa. Neno moja la Kitete lilitosha kumfukuza mgeni. Mwadi hakuhitaji kufanya lolote, ila kukaa kimya tu.

"Siombi mifupa," Emerance akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Imekwisha kulala, ilale. Nimekuja kuomba nafasi tu. Kwetu hatujamulia Lukali hata siku moja. Mama alikataa, anasema tukimulia tutamuua. Sasa mama amekufa, na mimi sijui nimulilie wapi."

Hapo kitu kilivunjika ndani ya Mwadi. Yeye alijua maneno hayo. Yeye na huyu mwanamke walikuwa wameyabeba miaka ile ile, huyu Kailo, yeye hapa, kila mmoja akidhani ni peke yake aliyelaaniwa.

Akajivuta pembeni. Mkeka ulikuwa mdogo, ikabidi akunje miguu.

"Keti, mama," akasema.

Emerance akaketi. Mabega yao yakagusana.

Kazadi alisimama, akatoka nje ya lango, na wote wakafikiri amekwenda. Alikaa huko muda. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na alikuwa na kikohozi ambacho hakuwa nacho asubuhi.

"Baba Kazadi," Kaku Ngalula akauliza, wembe mkononi, "ninyoe nani?"

Kazadi aliwatazama wale wanawake wawili. Aliwatazama sana.

"Nyoa wote wawili, Kaku," akasema. "Huyu mufu njo wetu. Na huyu mama njo wetu vilevile."

Huko kwenye uzio Florentin akaachia mti, akakaa chini. Hakuna aliyepiga vigelegele, hakuna aliyejua kama inafaa. Kaku alianza na mgeni. Emerance aliinamisha kichwa, na nywele zake zilipokuwa zinaanguka akamwuliza Mwadi kwa sauti ya chini, "Wako aliitwa nani?"

"Mukuna."

"Tumwite nani kwanza?"

Mwadi alijigusa uso, akakuta umelowa, na hajui tangu lini. Aliushika mkono wa Emerance, hakutazama ni upi, akafungua mdomo, akamlilia Lukali.